Nasaba ni ya Kuunga, Si ya Kupimia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa asili moja akatujaalia rangi na lugha mbalimbali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, lililonifanya nishike kalamu ni ugomvi wa watoto wawili chuoni kwangu. Waligombania mahali pa kukaa, jambo la kila siku. Lakini mmoja alipokosa la kusema alimwambia mwenzake, "Wewe nyamaza, babu yako alikuwa mtumwa." Na yule mwingine akamjibu, "Na nyinyi ni wageni, rudini kwenu Arabuni." Hawa ni watoto wa miaka kumi. Maneno hayo hawakuyatunga wao. Wameyaokota majumbani kwetu, penye mikeka yetu ya kulia chakula.

Sikuwapiga. Niliwaambia kila mmoja anitajie nasaba yake. Wa kwanza akataja baba, babu, na baba wa babu, hata akafika majina saba. Wa pili akafika manne. Kisha nikawauliza, "Na upande wa mama?" Wote wawili walikwama kwa bibi. Nikawaambia waende wakaulize nyumbani. Siku ya pili mama wa mmoja wao akanijia, amejitanda buibui yake, sauti yake ya chini. Akaniambia, "Maalim, sikukosei adabu, lakini mambo mengine huachwa yakalala."

Nilimjibu kwa upole, lakini jibu langu lilikuwa fupi mno. Makala haya ndiyo jibu langu kamili, kwake na kwa kila mzazi wa mwambao huu.

KILA WATU NA HESABU YAO

Kwanza tufahamu kuwa swali la "wewe ni nani?" halijibiwi namna moja duniani. Watu wote wana baba na mama, lakini kila watu wamechagua hesabu yao wenyewe.

Waarabu huhesabu kwa baba. Mtoto wa Mwarabu ni Mwarabu, hata kama mama yake ametoka nchi nyingine au alikuwa suria. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, watoto waliomrithi katika Omani na Unguja walikuwa wamezaliwa na masuria, baadhi yao wanawake wa Uhabeshi na wengine wa nchi za Caucasus. Hapana aliyesema kuwa Sayyid Majid au Sayyid Barghash si Mwarabu.

Wangazija, nao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama sisi, ukoo wao huufuata kwa mama. Nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye aingiaye kwa mkewe. Mali iitwayo manyahuli hupita kwa wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Sasa tazama Marekani. Katika jimbo la Virginia ilipitishwa sheria mwaka 1924 iliyosema kwamba mtu mweupe ni yule tu asiyekuwa na damu nyingine yoyote, isipokuwa waliruhusu sehemu moja katika kumi na sita ya damu ya wenyeji wa kale wa nchi ile. Mtu mwenye mababu wengi wa Kizungu na mmoja wa Kiafrika alihesabiwa mweusi. Mweupe na mweusi hawakuruhusiwa kuoana, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile ilipoibatilisha sheria hiyo mwaka 1967.

Lakini Brazil, ambako Waafrika wengi sana walipelekwa kwa utumwa, hesabu ni nyingine tena. Huko hutazamwa zaidi sura ya mtu mwenyewe kuliko babu zake, na ndugu wa tumbo moja waweza kuitwa majina mawili. Serikali ya huko ilipowauliza watu mwaka 1976 waitaje rangi yao kwa maneno yao wenyewe, yalipatikana majina zaidi ya 130.

Basi mtu yule yule mmoja angekuwa Mwarabu Maskati kwa ajili ya baba yake, na Ngazija angekuwa wa ukoo wa mama yake. Virginia angeitwa mweusi, na Brazil angetazamwa uso kwanza. Damu yake haikubadilika. Kilichobadilika ni daftari alimoandikwa. Huu ni ushahidi kuwa mengi tunayoyaita kabila na asili ni hesabu za watu, wala si maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu.

MWAMBAO KABLA YA DAFTARI

Na sisi wa mwambao tulikuwa na hesabu yetu. Uislamu hapa ni wa zamani sana: msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa ni Mashafi, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Alipofika Kilwa aliandika kuwa wengi wa wenyeji wake ni weusi sana, wenye chale usoni. Kisha akamsifu Sultani wao, Al-Hasan bin Sulaiman, kwa unyenyekevu na ukarimu, hata watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Alikaa na mafakiri na kula pamoja nao. Msafiri yule aliitaja rangi kama anavyotaja umbo la mji, lakini cheo cha watu alikipima kwa dini na tabia zao.

Wazee wetu walimwita mtu kwa mji wake na ukoo wake. Mombasa palikuwa na Thenashara Taifa: Tisa Taifa, ndio Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa, na Thalatha Taifa, ndio Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tazama majina haya. Mengi yao ni majina ya miji, yaani mahali watu walikotoka kabla ya kukutana Mombasa. Na mataifa haya yalikuwa na mikataba ya urafiki na watu wa kaya za Kidigo, Kiduruma, Kigiriama na wenziwao, tunaowaita leo Wamijikenda.

Aliyekuja akasilimu, akakaa mjini, akajifunza lugha na adabu, watoto wake walikuwa watu wa mji. Hiyo ndiyo iliyoitwa uungwana.

Lakini lazima tuseme kweli, kwani historia isiyosema kweli ni porojo. Uungwana huo ulikuwa na dosari yake kubwa. Waungwana walikuwa na watumwa, na wengi walimdharau mtu wa shamba na mtu wa bara. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na mwambao wa Kenya mwaka 1907, dharau haikufutwa pamoja nao. Walioachwa huru wengi walijiita Waswahili, yaani watu wa pwani tu, ili waanze upya. Na hapo baadhi ya waungwana wakalikimbia jina hilo, wasije wakadhaniwa kuwa ni watoto wa watumwa. Basi mlango wa balaa tuliuacha wazi sisi wenyewe. Wakoloni walipokuja, waliukuta haukufungwa.

DAFTARI LA SERIKALI NA KIBABA CHA MCHELE

Waingereza walikuja na hesabu yao. Kwao watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa mafungu: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, na mwenyeji. Na kila fungu lina kodi yake, mahakama yake, shule yake na kiti chake barazani. Mtu aliyekuwa na nasaba mbili au tatu alitakiwa achague moja, na katika kuchagua palikuwa na faida na hasara.

Katika Kenya, Thenashara Taifa walijikuta wameandikwa pamoja na wenyeji, wakati majirani zao wa mtaa mmoja, waliosali nao safu moja na kuoana nao, wameandikwa Waarabu. Ulipokuja uchaguzi wa Mwarabu katika Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1920, Waarabu walipiga kura na hao wengine wakakataliwa. Wakaunda chama chao, Afro-Asian Association, mwaka 1927, na haki ya kupiga kura pamoja na Waarabu hawakuipata mpaka mwaka 1952. Miaka yote hiyo watu wa mji mmoja walishtakiana kwa Mzungu juu ya nani ni nani.

Unguja na Pemba habari yake ni ya kustaajabisha zaidi. Katika sensa ya mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 walijiandikisha kuwa ni Waswahili. Katika sensa ya mwaka 1931, Waswahili walikuwa kama 2,000 tu. Je, walikufa? Hapana. Waliingia msitu gani? Hawakwenda popote. Walikuwa nyumba zile zile, wakilima mashamba yale yale, lakini sasa wamejiandikisha Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, na wengine Waarabu. Jina la Mswahili lilikuwa halina faida, wakalivua.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Mchele kutoka nje ukawa haba, na serikali ikagawa chakula kwa kufuata kabila. Aliyeandikwa Mwafrika fungu lake la mchele lilikuwa dogo kuliko la aliyeandikwa Mwarabu au Mhindi. Fikiri, ndugu msomaji: kabila lilikuwa limegeuka kibaba. Mtu akitaka kulisha watoto wake wali, basi afadhali aitafute nasaba itakayompa wali. Nani atamlaumu baba mwenye njaa? Lakini jirani yake aliyeandikiwa kidogo aliyaona hayo, na hakuyasahau.

DAMU ILIYOMWAGIKA

Yaliyopandwa yalivunwa. Palikuwa na chama cha Waarabu, chama cha Waafrika kilichoundwa mwaka 1934, na chama cha Washirazi kilichoanza Pemba mwaka 1939. Siasa ilipoingia, vyama vya siasa vikasimama juu ya migongo ya vyama vya kabila. Mwaka 1957 baadhi ya Washirazi waliungana na Waafrika katika Afro-Shirazi; wengine mwaka 1959 walijitenga wakaunda chama chao Pemba. Shirazi mmoja na Shirazi mwenziwe wakasusiana mazishi na harusi. Dukani kwa huyu hakununui yule.

Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 walikufa watu 68, wengi wao Waarabu. Na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi, na watu wengi wakauawa, na wengine wengi wakakimbia. Simo katika kuhukumu siasa za siku zile. Waliokuwamo wamekwishakwenda mbele ya Hakimu asiyedhulumu, au wako njiani. Nataka tuone jambo moja tu. Waliouana wengi wao walikuwa Waislamu, wote wakizungumza Kiswahili, na wengi wao wana bibi wa asili moja.

Na ajabu ya mwisho ni hii. Mwaka 1970 Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Omani aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Wengi waliokuwa wametoka Unguja wakaenda. Unguja walifukuzwa kwa kuwa ni Waarabu. Walipofika Maskati waliitwa Wazinjibari, kwa kuwa majumbani mwao wanazungumza Kiswahili na wanapika kama watu wa pwani. Mtu yule yule! Kwetu aliambiwa rudi kwenu, na kwao akaambiwa umetoka kwenu.

YALIYOSEMWA NA MAKABURI

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana juu yetu. Wa kwanza walisema miji ya mwambao ilijengwa na wageni kutoka Uajemi na Arabuni, na Mwafrika hana lake. Wa baadaye wakasema hapana, ni Waafrika watupu, na habari za Shirazi ni hadithi za kujikweza. Tarehe ya kale ya Kilwa inasema kuwa Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka, na katika masimulizi mengine ya wazee kuna kuoa binti wa mwenye mji.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mabaki ya watu 80 waliozikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 takriban, wengi wao katika miji ya kale ya mwambao kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kufukua makaburi ya Waislamu ni jambo zito katika sharia, wala siandiki kulihalalisha. Lakini kilichopatikana kinatuhusu. Kwa wengi wao, nusu au zaidi ya asili yao ni ya Kiafrika, na hiyo imetoka karibu yote kwa mama. Asili ya Asia, zaidi ya Uajemi pamoja na kidogo ya Uhindi, imekuja aghlabu kwa baba, tangu kama mwaka 1000. Asili ya Arabuni ikaongezeka baadaye.

Basi wazee waliosema "sisi ni Washirazi" hawakusema uwongo, walimtaja baba. Na waliosema "nyinyi ni Waafrika" hawakusema uwongo, walimtaja mama. Uwongo ulikuwa katika kumtaja mmoja ili kumkana mwenziwe. Na lugha hii tunayoombea dua, tunayoimbia harusi na kubembelezea watoto, ni lugha ya Kibantu. Hiyo ni lugha ya mama. Baba alikuja na jahazi. Mama alimkuta yuko nyumbani.

DINI YETU INASEMAJE?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, anatufahamisha kuwa ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kuwa mbora wetu mbele Yake ni mcha Mungu zaidi. Angalia vizuri: ametaja mwanamume na mwanamke pamoja, kabla ya kutaja kabila. Na sababu aliyoitaja ni kujuana. Kugawana kibaba hakukutajwa.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze katika nasaba zetu yale yatakayotuwezesha kuunga udugu. Kwa hivyo kuijua nasaba si vibaya, ni ibada ikiwa nia ni kuunga. Lakini Sahaba mtukufu Abu Dharr (R.A.) alipomtia mtu aibu kwa ajili ya mama yake, na wanavyuoni wengi wamemtaja kuwa ni Bilal (R.A.), Mtume alimwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake. Abu Dharr, katika waliotangulia kusilimu! Ikiwa yeye aliambiwa hivyo, wewe na mimi tutaambiwaje?

Wapo watakaoniambia, "Maalim, na kafaa?" Ni kweli, Maimamu wetu wa Kishafi wameitaja nasaba katika kafaa ya ndoa. Lakini wamesema pia kuwa hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiridhia ndoa ni sahihi. Na Mtume mwenyewe alimwoza Zainab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zaid bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Na Fatima bint Qais, Mkureshi, alimshauri aolewe na Usama bin Zaid, mtoto wa Zaid huyo na wa Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi. Tusiifanye ruhusa ya fikihi kuwa kichaka cha kufichia kiburi.

LA KUFANYA MAJUMBANI

Madaftari ya serikali bado yapo, na kila nchi ina njia yake. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Kenya huuliza, na mwaka 2023 iliwatambua Wapemba wa mwambao wake kuwa ni jamii mojawapo ya nchi, nao kwa miaka mingi walikuwa hawana hata vitambulisho. Ukiulizwa, jibu unalolijua, na upate haki yako. Lakini karatasi ya ofisini iishie ofisini, isiingie jikoni wala msikitini.

Nyumbani tuna kazi tatu. Kwanza, tuyafute katika vinywa vyetu maneno ya kutiana aibu kwa asili. Mtoto hasikii hotuba ya Ijumaa kama anavyosikia mzaha wa baba yake. Pili, posa ikija tuulize sala na tabia ya kijana kabla ya kuuliza babu yake wa nne. Tatu, tuwape watoto nasaba kamili, ya baba na ya mama, pamoja na bibi aliyekuja kwa minyororo. Aliyedhulumiwa hana aibu. Aibu ni ya aliyedhulumu.

Na wewe mama uliyenijia, nisamehe kama nilikuudhi. Uliniambia mambo mengine yaachwe yalale. Lakini hayo hayakulala. Yaliamka chuoni kwangu katika kinywa cha mtoto. Nami nakukumbusha mama mmoja. Bibi Hajar alikuwa mjakazi, ametoka Misri, katika bara hili letu la Afrika. Ndiye aliyemzaa Nabii Ismail (A.S.), na katika kizazi chake akatoka Mtume wetu. Kila hujaji, awe Sharifu au Mshirazi, Mdigo au Mmakonde, mfalme au mchukuzi, hukimbia baina ya Safa na Marwa akifuata nyayo zake. Mwenyezi Mungu hakumficha mama huyo. Kwa nini sisi tuwafiche wetu?

Wiki iliyofuata mwanawe alikuja na jina la mama wa bibi yake. Alilitaja mbele ya wenziwe, wazi, kisha akakaa. Mwenziwe akamsogezea mkeka.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu, tuondolee kiburi cha kijahili, na uwarehemu baba zetu na mama zetu, tunaowajua na tusiowajua. Amin.